Singe ya Kuchimbulia Liki

Watu wa Burg husema nilimnasa Alwin Tesche kwa liki. Wifi yangu Lydia ndiye aliyelianzisha neno hilo, na amelitembeza mpaka kwa muuza nyama. Si kweli. Liki zilikuwepo, vile vitunguu vya majani marefu, sikatai, lakini zilikuwa ardhini, zimetulia. Aliyesimama ni yeye.

Bustani yangu iko ukingoni mwa barabara, chini kabisa bondeni, pale ambapo basi la umeme linalotoka Solingen mjini hufikia mwisho wa nyaya zake. Bonde letu ni jembamba, basi halina nafasi ya kugeuka, kwa hiyo hupandishwa juu ya sahani kubwa ya chuma, likazungushwa mpaka litazame lilikotoka. Mimi nimeinama kwenye liki, basi linazunguka, kila mtu na kazi yake. Miaka ilipita hivyo na hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Asubuhi moja ya Oktoba nilikuwa nachimbua liki za supu, nikasikia sahani imenyamaza kabla ya wakati. Nikainua kichwa. Basi limekaa kingamo, pua imeelekea mtoni, mkia uko mlangoni kwa muuza mikate, na dereva amekuja kwenye ua wangu, ameushika kwa mikono miwili.

"Samahani, Bi," akasema. "Hicho ulichoshika ni nini?"

"Kisu cha liki."

"Naweza kukiona?"

"Si unakiona."

Akanyoosha shingo. "Meno ya mgongoni, ni mistari miwili?"

"Ukitaka kuyahesabu, ingia. Kuna mizizi inakusubiri."

Mama mmoja akafungua dirisha la basi. "Bwana dereva, sisi tunakwenda mjini. Hatuendi kuoga."

"Nakuja, mama," akasema, na hakwenda. Alikuwa ananitazama kwa macho yaliyolowa. Nilipokuwa msichana wanaume walinitazama, sikuwa mbaya, lakini hakuna aliyewahi kunitazama namna ile. Kisha nikaona kwamba macho yanatua mkononi mwangu, kwenye kile chuma.

Sasa nimweleze ni nani, maana wengi walimjua kwa kisogo tu.

Alwin alikuwa mjane, hana mtoto, amepanga vyumba viwili mjini juu ya duka la vifungo. Mtu mrefu, masikio makubwa, anaendesha basi polepole kana kwamba amepakia mayai. Alipenda mkate mweusi wenye soseji ya moshi na vitunguu vibichi, na abiria wa kiti cha mbele waliijua saa ya chakula chake kwa pua. Jeshi lilimkataa ujanani kwa sababu ya nyayo, ambazo ni bapa kama ubao wa kukatia mkate. Vita vya pili vilipoanza likamkataa tena. Mwishoni, walipokuwa wanachukua mpaka vipofu, wakamkumbuka, lakini treni ya kumpeleka iliharibika kabla ya kuvuka mto Rhein, akarudi nyumbani kwa miguu, kwa nyayo zile zile.

Mtu huyo ambaye jeshi halikumtaka alikuwa akikusanya vitu ambavyo jeshi halikuvitaka. Singe mnaijua, kisu kirefu kinachochomekwa mdomoni mwa bunduki. Jeshi likitaka singe mpya haliagizi maelfu siku hiyo hiyo. Huagiza chache, huwapa askari wachache wakachome magunia ya majani, wakate kuni, wafungue makopo, halafu mabwana wakubwa wa Berlin hukaa mezani na kuamua. Inayopendwa hutengenezwa mpaka ikaijaza dunia. Zisizopendwa huyeyushwa. Lakini daima kuna moja au mbili zinazopotea njiani kabla ya kufika motoni, na hizo za majaribio ndizo alizokuwa akizitafuta Alwin, siku zote za mapumziko yake, kwenye dari za watu, kwenye minada, kwenye mabanda ya kuku.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusanyi zile zilizopendwa.

"Zile kila mjinga anazo ukutani," alisema. "Hizi zilifanya kila walichoambiwa zifanye. Ila siku ile bwana mkubwa aliamka vibaya."

Na kila chenye makali kilichoingia kwake, hata mkasi wa kucha, kiliingia kwa kutoa pfenigi, ile sarafu yetu ndogo kuliko zote. Hilo sisi wa bonde la visu tunalijua kabla ya kujua kusali. Ukipewa chenye makali bure, urafiki umekatika. Lazima utie sarafu mkononi mwa aliyekupa, iwe kama umenunua. Binamu yake Ernst aliwahi kumpa mkasi wa kukatia zabibu, wakasahau pfenigi, na tangu siku hiyo hawajasemezana. Alwin aliamini hivyo kabisa. Mimi pia naamini, msinitazame.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alhamisi iliyofuata akabisha hodi, amenyoa, ana tai, glavu nyeupe za pamba, lenzi, na kipande cha mkate mfukoni endapo hatakaribishwa chakula. Nikamwekea kile chuma juu ya kitambaa cha meza. Akakiinamia kama daktari wa watoto. Akafuta udongo shingoni mwa chuma kwa kitambaa, na chini ya udongo kukatokea kitaji kidogo, alama ya mkaguzi wa jeshi. 

"Bi Melcher," akasema, "hii nimeisoma vitabuni tu. Sikujua kama ipo. Umeipata wapi?"

"Kwenye buti la baba."

Baba alikuwa mnoaji. Alifanya kazi kwenye kibanda cha mtoni ambacho mawe yake yalizungushwa na maji, na mimi tangu nikiwa mtoto nilizibeba kazi zake kichwani ndani ya kapu mpaka mjini, kupanda mlima, ndiyo maana shule niliisalimia tu, na ndiyo maana shingo yangu haipindi mpaka leo. Kabla ya vita vya kwanza bwana mmoja wa Berlin aliona askari wanabeba vitu vingi mno, akataka singe iwe pia msumeno na jembe. Baba akanoa chache za majaribio. Askari wakasema ni nzito, ukiichomeka, bunduki inainama kutazama vidole vya miguu ya mwenyewe. Amri ikatoka ziyeyushwe. Baba alirudi nyumbani siku hiyo anachechemea, buti moja limejaa. Mama akaichukua, akaipeleka bustanini, na kwa liki haijapata mpinzani. Jeshi liliikataa. Sisi tuliikubali.

Alwin alisikiliza yote hayo huku akipitisha lenzi. Ghafla uso ukabadilika rangi.

"Hapa kwenye ncha," akasema, "kuna mtu amenoa. Kinachonolewa si kile kile tena."

"Mimi. Kila Machi, kwa jiwe la baba la mkononi, lililokuwa hapa nyumbani."

"Kila Machi. Tangu lini?"

"Tangu baba afe. Kabla ya hapo alinoa mwenyewe."

Akaomba maji. Nikampa pombe kali ya ngano, maana maji yasingetosha.

"Unaiuza?" akauliza aliporudiwa na rangi.

"Hapana."

"Sijataja bei."

"Na mimi sijauliza."

Nilikuwa na sababu. Baba alipokufa, kaka yangu Otto, mume wa Lydia, Mungu amrehemu, aliuza kila kitu cha kibandani. Mawe makubwa ya kuzunguka, mikanda, hata kile kigoda alichokalia baba mpaka mbao zikashika umbo lake. Vyote vikaenda kupamba ukumbi wa bia Düsseldorf. Siku ya karamu ya mazishi ya baba, Otto akiwa ameshaanza kutaja bei, nilisimama na sahani mkononi mbele ya jamaa wote, nikasema: hiki chuma kimoja hakitauzwa maadamu mimi napumua. Lydia alikuwepo. Mwanamke ambaye huitafuta miwani yake nayo iko kwenye paji la uso, sentensi hiyo hajaisahau hata neno.

Alwin akasema vizuri, haiuzwi, lakini je, anaweza kuja kuitazama? Nikasema kutazama hakumalizi chuma.

Basi akawa anakuja kila Alhamisi. Tatizo ni kwamba hakuweza kuvumilia kuiona ikiingia udongoni. Mara ya kwanza aliniletea kikoleo kipya cha bustani, kinang'aa. Kikapinda kwenye mzizi wa kwanza, nikakitumia kuzuia mlango wa kuku. Baada ya hapo akawa anavua koti, anapiga magoti na nyayo zake bapa zikitazama mbinguni, anazichimbua liki kwa vidole. Anachimbua, anahema, anageuza kichwa kutazama mlango wa jikoni, kama singe bado inaning'inia kwenye msumari nyuma yake. Kufika Krismasi alikuwa amemaliza karibu liki zote, amefunika kabichi kwa majani makavu, na ametengeneza lango la ua ambalo lilikuwa likilia tangu vita.

"Umemwajiri?" Lydia akauliza.

"Amejileta."

"Ameletwa na kile chuma. Siku utakapompa, Alhamisi utakunywa kahawa na mimi."

Nilienda kulisha kuku. Kwa kawaida Lydia akinichoma huwa namrudishia kabla hajafunga mdomo, na yeye alishangaa kuliko mimi.

Maana kahawa ya Alhamisi ilikuwa imenizoea. Nilikuwa nimetoa kabatini birika la bati la mama, lile la miguu mitatu, lenye kibomba tumboni kinachodondosha kahawa kama pua yenye mafua. Waffle, yale maandazi bapa yenye vishimo, cherry za moto, wali wa maziwa wenye mdalasini, mkate mweusi, siagi, asali ya tufaha. Alwin alikula vyote kwa zamu, kisha akavila tena kwa kuvichanganya. Siku ya mwaka mpya tulipitisha mkono ndani ya mkono, kwa desturi yetu ya kufanya urafiki, tukanywa kiglasi, na kuanzia hapo si Bi Melcher tena wala Bwana Tesche. Selma. Alwin. Jina langu lilikuwa halijatajwa na mwanaume nyumbani humo tangu Otto, na Otto alikuwa akilitaja anapotaka kitu.

Na Alwin je, alitaka nini? Hilo ndilo lililokuwa likinikaa kooni. Nilikuwa na miaka sitini na tatu na sikutaka kudanganywa na mtu wala kujidanganya mwenyewe.

Mwezi wa Aprili likaja gari jeupe, refu kama jeneza la tajiri. Akashuka daktari wa meno wa kutoka Düsseldorf, Daktari Ohlendorf, naye pia mkusanyaji. Kumbe Alwin kwenye mkutano wao alishindwa kuzuia mdomo, akaeleza kila kitu isipokuwa namba ya nyumba. Singe ilikuwa mkononi mwangu, imejaa matope mpaka kwenye mpini.

"Bibi mpendwa," daktari akasema, "kitu kama hiki hakifai kukaa kwenye udongo."

"Hata wewe siku moja utakaa humo."

Akacheka kwa meno yote, yalikuwa mazuri, akataja bei. Akataja nyingine. Nikamuuliza kama anapenda liki, maana zilikuwa zimebaki chache za mwisho wa msimu. Hakujua aseme nini, akakubali, nikazilaza kwenye kiti cha ngozi cha gari lake pamoja na udongo wake.

Muuza mikate aliliona gari. Akamwambia abiria, abiria akamwambia dereva. Basi lilipofika, Alwin hata hakungoja lizungushwe. Aliingia jikoni kwangu bila kubisha, kofia mkononi, jasho linamtoka. Macho yakaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, kwenye msumari. Singe ilikuwepo. Akashusha pumzi. Halafu ndipo akageuka.

"Habari za asubuhi, Selma."

Niliona utaratibu wake. Kwanza msumari, kisha mimi. Ningekuwa msichana ningelia. Nikapika wali wa maziwa.

Nikaamua. Alhamisi ile nilitandika meza kama siku zote, nikaifuta singe, nikaifunga kwenye gazeti, nikaiweka kando ya sahani yake. Akichukua na asirudi, basi nimejua, na kujua ni bora kuliko kutazama saa. Kumpa si kuuza. Ahadi yangu ingebaki nzima.

"Yako," nikasema. "Nenda nayo."

Alifungua gazeti polepole. Masikio yakawa mekundu, na masikio yale yana eneo.  Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatafuta, akaweka pfenigi moja juu ya kitambaa.

"Hiyo sitaki," nikasema.

"Si malipo, Selma. Ni desturi."

"Nilisema mbele ya jamaa wote hakitauzwa. Nikishika sarafu, nimeuza."

"Nisipotoa, tumekatika."

"Chukua bila kukatika."

"Haiwezekani. Mwone Ernst."

"Ernst ni mjinga tangu kuzaliwa. Mkasi hauna kosa."

"Basi nitaiweka chini ya sahani. Wewe hutaiona."

"Nitajua ipo."

"Nitaiangusha sakafuni. Utaiokota siku nyingine, kama umeipata tu."

"Nitaifagia nje."

"Selma, pfenigi moja. Haiwezi kununua hata harufu ya mkate."

"Kama ni ndogo hivyo, kwa nini unaing'ang'ania?"

"Na wewe kwa nini unaikataa?"

Chuma cha waffle kilikuwa kinatoa moshi na hakuna aliyekisogelea. Alwin aliitazama singe. Alinitazama mimi. Akairudia singe, akapitisha kidole juu ya kile kitaji, mara hii bila glavu. Kisha akasimama, akaenda nyuma ya mlango, akaitundika kwenye msumari wake.

"Basi ibaki," akasema. "Afadhali niikose."

"Afadhali kuliko nini?" Mimi ni mtu ninayependa kusikia maneno mpaka mwisho.

Akavaa kofia. Alikuwa amekasirika kweli. "Kuliko kuzikosa Alhamisi," akasema, akatoka, na lango halikulia kwa sababu alilitengeneza mwenyewe.

Wiki ile sikujua nimefurahi au nimeudhika, nikang'oa magugu hata yasiyokuwepo. Alhamisi ilipofika nikatandika meza. Saa yake ikafika, ikapita. Lydia ndiye aliyekuja, akakaa kwenye kiti cha Alwin, akajipakulia cherry.

"Nilikuambia," akasema mdomo umejaa.

"Uliniambia ataondoka na chuma. Chuma kile pale."

"Basi kaondoka bila chuma. Hiyo ni mbaya zaidi, wifi yangu."

Nilikuwa natafuta jibu la kumtoa kwenye kiti, ndipo tukasikia basi. Halikupanda sahani. Lilisimama mbele ya ua, mlango wa abiria ukafunguka, akashuka Alwin kwa kinyumenyume, hana sare, amevaa suti yake ya mazishi, anavuta sanduku. Dereva mwenzake alikuwa akisukuma upande wa pili na kulaani.

Nikatoka. Lydia akanifuata na sahani yake.

"Umechelewa," nikasema kutoka ndani ya ua.

"Ni nzito."

"Nini?"

"Singe zote." Akaketi juu ya sanduku kupumua. "Nimefikiri wiki nzima. Wewe hutaniuzia, na mimi sichukui bure. Sawa. Lakini zikiwa chini ya paa moja, na wenyewe wakiwa mume na mke, hakuna kisu kilichotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hakuna aliyeuza, hakuna aliyepewa. Nimemuuliza hata mchungaji."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Lakini kosa hakuliona."

Nyuma yangu nikasikia waffle la Lydia likianguka. Ndani ya basi watu walikuwa wamesogea wote upande mmoja mpaka likainama.

Mimi nilikuwa na swali moja na sikuwa tayari kulimeza, hata mbele ya basi zima. "Alwin Tesche," nikasema, "na kama kile chuma kisingekuwepo? Kama ningekuwa nachimbua liki kwa kijiko tu?"

Alifikiri. Namheshimu kwa hilo, hakujibu haraka kama muuza mafuta ya nywele.

"Sanduku lingekuwa dogo kidogo," akasema, "maana ile nisingekuwa na haja ya kuiachia nafasi. Mengine yote ni vile vile."

"Bwana," mtu akaita dirishani, "ukubaliwe au ukataliwe, sisi tuna safari."

"Mwache aulize," mama mwingine akamwambia. "Wewe huko uendako unasubiriwa na nani?"

Nikamwambia Alwin afungue lango mwenyewe, anajua linavyofunguka. Lydia akashika upande mmoja wa sanduku, na mpaka leo husimulia kwamba ndiye aliyetuoza.

Singe zake zimepangwa sebuleni, ukuta wa kusini, kila moja juu ya msumari wake, hazijasuguliwa kwa kitambaa wala kwa jiwe, na mimi siruhusiwi kuzikaribia na mikono ya jikoni. Ile ya baba haiko nazo. Alwin aliiwekea msumari katikati kabisa, ukabaki mtupu, kwa sababu liki hazichimbuliwi kwa vidole mwaka wa pili, miaka yake haimruhusu. Inakaa nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Machi nikilitoa jiwe la baba na kulilowesha maji, Alwin huchukua kofia bila kusema neno, akaenda kusimama kando ya barabara kutazama basi likizungushwa, na hurudi tu sauti ya kunoa inapokwisha.